Mahame Yaliyofagiwa

Ukitoka Dutwa kwa baiskeli ukaelekea upande wa maawio, barabara inakwenda nawe kwa muda, kisha inakuchoka. Inageuka njia ya ng'ombe, na njia ya ng'ombe nayo inaingia katika mbuga ya udongo mweusi na kupotelea humo. Udongo ule una tabia mbili. Wakati wa mvua hukushika mguu usitoke. Kiangazi hupasuka nyufa, na ndama akizembea huvunjika mguu ndani yake. Ukishaivuka mbuga unaona vilima viwili vya mawe, mawe makubwa yaliyobebana kama magunia ghalani. Chini ya vilima kuna ukanda mwembamba wa ardhi ya kichanga, halafu mto ambao muda mwingi wa mwaka hauna maji juu, unayo chini ya mchanga. Katika ukanda huo ndipo ilipo Mwabundala.

Jina ni la Bundala, mchungaji aliyefika hapo na mifugo yake zamani ambazo hakuna aliyezihesabu. Kaya zake hazikupata kuwa nyingi. Asubuhi mtu angeweza kusimama uani kwake, akapaza sauti tu, akawa ameamkia kijiji chote. Walilima mtama, baadaye mahindi, baadaye pamba.

Kwandu aliletwa hapo kama mke, binti kutoka Lingeka, mrefu, mwenye sauti ya kusikika mbali. Mumewe aliitwa Masunga. Katika kaya hiyo mwenye nyumba hasa alikuwa mama yake Masunga, ajuza mkavu kama fito, aliyeitwa Ng'washi. Ng'washi hakuwa mtu wa maneno. Alfajiri, kabla kuku hawajashuka, alikuwa uani na ufagio wake wa majani, ameinama, anarudi nyuma taratibu, na nyuma ya ufagio ardhi inabaki na michirizi ya nusu duara kama magamba ya samaki. Kwandu alimpikia, alimchotea maji, alimkanda miguu. Kitu kimoja hakukifanya kamwe: kulitamka jina lake. Jina la mkwe halitamkwi. Kama kuna neno linalofanana nalo, hata hilo unalizunguka. Kwandu alimwita mayu, yaani mama, kama Masunga alivyomwita.

Mwaka wa Operesheni Vijiji malori yalifika Mwabundala. Watu waliambiwa wanahamishiwa kando ya barabara, watapata shule, zahanati na maji ya bomba; na baadhi ya hayo walikuja kuyapata kweli. Lakini siku ile hawakuyaona. Waliona vijana wageni wakiruka kutoka kwenye malori wakipiga kelele, mapaa yakishushwa, vihenge vikiangushwa, ng'ombe wakikimbia ovyo kwenye vumbi. Kwandu alikuwa na Dastan mgongoni, mtoto wa kwanza na wa pekee aliyeishi. Alipanda lori akiwa ameshika chungu. Lori lilipoondoka ndipo Masunga alipouliza, "Mayu yuko lori gani?"

Hakuwa katika lori lolote.

Masunga alirudi kwa miguu. Alizunguka magofu, akazunguka mto, akapanda vilima akiita, "Mayu! Mayu wee!" Alilala huko, akaita tena siku ya pili mpaka koo likakauka. Hakuona hata unyayo. Wakasema fisi. Wakasema amevuka mbuga kwenda kwa ndugu zake, akafia njiani. Matanga yakawekwa bila kaburi, na Masunga tangu hapo akawa mtu wa kugeuka nyuma katikati ya mazungumzo.

Miaka ikapita kando ya barabara, karibu ishirini. Dastan akakua, akaoa Apolonia, msichana wa Kikatoliki kutoka upande wa Lamadi, aliyezoea ziwa na kelele za soko la samaki. Masunga akaugua kifua. Siku zake za mwisho alikuwa akimwambia Kwandu, "Nyamaza kidogo. Kuna mtu anafagia."

Masunga alikuwa amekwisha kuzikwa wakati pamba ilipofunguliwa. Zamani mkulima alikuwa na ushirika tu. Sasa sheria ilibadilika, na yeyote mwenye mzani na lori akaruhusiwa kununua. Wanunuzi wa kampuni walikuja mpaka kwenye miti ya kando ya shamba, wakigombea marobota ambayo jana hayakuwa na wa kuyatazama. Kila mtu akataka kulima zaidi, na mashamba ya kando ya barabara yalikuwa yamechoka kama ng'ombe mzee. Serikali ya kijiji ikasema anayetaka kurudi kulima kwenye mahame yake, arudi.

Hakuna aliyeitaka Mwabundala. Wachungaji walisema ng'ombe huingia pale wakasimama, vichwa juu, masikio mbele, kama wanaomsubiri mtu apite. Ukiwachapa hawasogei mpaka wao wenyewe waridhike. Lakini Kwandu aliujua udongo wa pale. Akamwambia mwanawe, "Twende kwa baba yako."

Walifika mchana. Ua wa minyaa ambao Kwandu alikuwa akiuruka akiwa bibi harusi mpya ulikuwa umegeuka msitu, lakini uwazi wa lango ulikuwepo palepale. Dastan alitangulia na panga, tayari kufyeka. Akasimama.

Ndani hapakuwa na cha kufyeka. Katikati ya vichaka vya miaka yote ile kulikuwa na uwanja mviringo, mweupe, usio na jani. Mawe matatu ya jiko yalikuwa mahali pake. Na juu ya ardhi, kutoka jikoni mpaka langoni, kulikuwa na michirizi ya nusu duara, mmoja nyuma ya mwingine.

"Mchwa," alisema Dastan. "Mchwa husafisha hivi."

"Mchwa hawana ufagio," alisema Kwandu.

Apolonia alifanya ishara ya msalaba, akaushikilia mkono wake kifuani bila kuushusha.

Walijenga. Kwa nini hawakuondoka? Kwandu alikuwa akisema baadaye kwamba hakuhisi kufukuzwa. Alihisi kama mtu aliyechelewa kufika mahali, akakuta wenyeji wameanza kazi. Kila asubuhi Apolonia alitoka na ufagio akakuta pamekwisha kufagiwa. Mwanzoni alidhani ni mama mkwe wake, na Kwandu alidhani ni yeye, kila mmoja akamsifu mwenzake moyoni. Siku walipoulizana, Apolonia aliuweka ufagio pembeni na hakuugusa tena.

Mvua zilikuwa njema. Pale palipokuwa zizi la zamani pamba ilipanda mpaka kifuani, na kiangazi kilipoingia vitumba vikapasuka, shamba likawa jeupe mpaka macho yakauma. Dastan alikuwa ameenda Dutwa kutafuta lori. Kwandu aliingia shambani mapema, Apolonia akabaki kupika uji.

Ni kazi ya kuinama na kunyamaza, lakini Kwandu hakuwa mtu wa kunyamaza. Mstari wa pili kutoka wake, juu ya majani, aliona mgongo umeinama na kitambaa cheusi kimefungwa kichwani. Alisikia ile sauti kavu ya kitumba kikitoa pamba yake, ta, ta, ta, kwa haraka ya mkono uliozoea. Akajua Apolonia amemfuata. Akaanza kuzungumza, bila kuinua macho, kama wanavyozungumza wachumaji. Alizungumza juu ya bei. Alizungumza juu ya Dastan, kwamba asidanganywe na mizani ya wanunuzi wapya.

"Mm," mgongo ulijibu.

Alizungumza juu ya Masunga: jinsi alivyokuwa mpole, jinsi alivyougua.

"Mm."

"Na mpaka anakata roho," alisema Kwandu, "alikuwa anamtaja mama yake. Alisema, nilimwita, mbona hakuitika?"

Ile ta, ta, ta ikakoma.

Kwandu aliendelea kuchuma kidogo, kisha ule ukimya ukamwingia masikioni. Hapakuwa na ndege, hapakuwa na upepo. Na hapo, kutoka ukingo wa shamba, nyuma yake kabisa, sauti ya Apolonia ikaita: "Mayu! Uji umeiva, njoo unywe!"

Kwandu alinyooka. Apolonia alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, kibuyu mkononi, kitambaa chake cha kichwa ni cha kijani. Katika mstari wa pili hapakuwa na mtu. Mstari ulikuwa umechumwa mpaka mwisho, safi, na pamba imewekwa chini vichungu vidogo vidogo juu ya majani mapana. Siku hizi hakuna anayechuma hivyo. Watu wanatumia viroba. Mtu mmoja tu Kwandu alimwona maishani mwake akitandika majani kwanza ili pamba isiguse udongo.

Apolonia alisogea, akavitazama vile vichungu, akautazama uso wa mama mkwe wake, akaweka kibuyu chini.

"Mayu, mimi nitarudi Lamadi," alisema polepole. "Simkimbii Dastan. Lakini siwezi kuchuma na mtu nisiyemwona."

"Nipe siku moja," alisema Kwandu. "Ukitaka kwenda baada ya hapo, nitakusindikiza mwenyewe."

Alikwenda kijijini kando ya barabara kwa miguu, moja kwa moja mpaka kwa Nyanjige. Nyanjige alikuwa mzaliwa wa Mwabundala, rika la Ng'washi, kikongwe mkali aliyeuza tumbaku mlangoni kwake na kuwatukana wateja waliochagua sana. Aliolewa mbali, na aliletwa kijijini na lori lingine, mwaka mwingine. Kwandu alipiga magoti kidogo, akamwamkia.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Umekondeana. Mnakula nini huko kwenye mahame?"

Kwandu alimweleza yote: uwanja, mgongo shambani, vichungu vya pamba. Nyanjige alisikiliza huku akisokota tumbaku. Hakuonyesha kushangaa mpaka Kwandu alipofika kwenye habari ya Masunga kurudi kumtafuta mama yake. Hapo mikono yake ikatulia.

"Alimtafuta? Mimi niliambiwa amekufa. Sikuambiwa hakuonekana."

"Alimtafuta siku mbili. Aliita mpaka akapoteza sauti."

"Alimwitaje?"

"Alimwita mayu. Angemwitaje mama yake?"

Nyanjige aliitua tumbaku kwenye ungo. "Basi hakumwita," alisema.

Kwandu hakuelewa, na Nyanjige akamweleza, akitazama barabarani, kama mtu anayesimulia habari za jirani.

"Tulipokuwa wadogo, wezi wa ng'ombe walikuwa wakitoka nyika ya huko mbele. Wakija, wanaume wanakimbiza ng'ombe, sisi wanawake na watoto tunaingia ndani ya jiwe. Kilima cha upande wa mto, kuna mlango. Unavuta bapa la jiwe ukiwa ndani, aliye nje haoni kitu. Wanaume hawakuonyeshwa, ili wakikamatwa wakapigwa wasiwe na la kusema. Mwanamke mmoja alibaki juu, amejificha, anachungulia. Yeye ndiye aliyetuita kukitulia. Sasa, kuna mwaka wezi walifanya ujanja. Wakasimama chini ya kilima wakaita, 'Mayu! Mayu, toka, wamekwenda!' Kila mwanamke pale ana mtoto. Kila mmoja alidhani ni wake. Waliotoka hatukuwaona tena. Mama yake Ng'washi alikuwa mmoja wao. Ng'washi alibaki ndani, ameshika nguo aliyoiacha mama yake."

"Halafu?"

"Halafu ikawa sheria. Hutoki mpaka uitwe kwa jina lako na jina la baba yako. Hata mtoto wako alie nje, hutoki." Alimgeukia Kwandu. "Ng'wanawane, mwanangu, yale malori. Vijana wanaruka, ng'ombe wanakimbia, vihenge vinaanguka. Wewe uliona serikali. Yeye aliona nini?"

Kwandu alirudi njia nzima bila kusikia miguu yake.

Dastan alikuwa ameshafika. Kesho yake, jua likiwa limesimama wima, wote watatu walikwenda kwenye kilima cha upande wa mto. Waliyazunguka mawe, hakuna mlango. Dastan alitaka kuita yeye. Lakini Nyanjige alikuwa amesema mwanaume asiite, sauti yake haitasadikiwa huko ndani, na yeye mwenyewe miguu haikumwezesha tena kuivuka mbuga. Apolonia hakujulikana humo ndani. Aliyebaki ni Kwandu, na Kwandu alikuwa mkwe.

Alifungua kinywa, ulimi ukagoma. Miaka yote ile alikuwa amelizunguka jina lile kama mtu anavyolizunguka shimo gizani. Aliivua kanga yake ya kichwa, akaishika mikononi, akaita kwa sauti ile iliyosikika mbali:

"Ng'washi! Ng'washi, ng'wana Mabula!"

Mawe yakaurudisha mwito. Yalirudisha jina la kwanza tu.

"Ng'washi, ng'wana Mabula! Toka. Wamekwenda. Malori yamekwenda. Mimi ni Kwandu, mke wa Masunga. Masunga alikuita hakujua namna. Toka, mayu, kumekwisha."

Wote watatu walisikia. Ilikuwa kama jiwe la kusagia linapozungushwa mara moja, zito, kisha likatulia. Kutoka chini ya mti uliokuwa umeota kwenye ufa, pumzi baridi ikawapiga miguuni, yenye harufu ya udongo uliotoka kunyunyizwa maji. Dastan alikwenda pale, akakata mizizi, na nyuma yake kulikuwa na bapa la jiwe lililokaa wima. Lilikuwa limeachia upande mmoja, upana wa kiganja. Aliingiza mtaimbo, likatoka kwa urahisi uliomwogopesha.

Ng'washi alikuwa ameketi karibu kabisa na mlango, mgongo ukutani, magoti juu, kama mtu anayesubiri kuambiwa neno. Ilikuwa mifupa na kaniki. Kando yake kulikuwa na kibuyu kilichokauka. Upande wa ukuta kulikuwa na nguo nyingine, ya kizamani, ya ngozi, imekunjwa vizuri. Na magotini pake, ufagio. Apolonia ndiye aliyeuokota kabla hajafikiri, na ndiye aliyesema kwa sauti ndogo kwamba majani yake ni mabichi. Yalikuwa mabichi. Nchani yalikuwa na udongo wa kichanga, ule wa uani, ukiwa na umande.

Kwandu aliingia akiinama, akakaa naye humo kwa muda, mlango ukiwa wazi na mwanga ukiingia. Alichomwambia hakumweleza mtu.

Walimzika uani kwake. Anatoli, katekista wa kijiji, alikuja kwa baiskeli pamoja na watu wengi waliotaka kuona kwa macho yao. Alisita kwanza, kwa kuwa Ng'washi hakubatizwa; kisha akasema kwamba mtu aliyesubiri kiasi kile hawezi kunyimwa sala moja ya Baba Yetu. Nguo ya ngozi waliizika pamoja naye. Nyanjige alibebwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na wakati wa kufukia alitaja majina ya wanawake ambayo hakuna aliyekuwa akiyajua, moja moja, na majina ya baba zao, mpaka Anatoli akainamisha kichwa akasubiri amalize.

Asubuhi iliyofuata uwanja ulikuwa na majani makavu na mavi ya kuku, kama uwanja wa mtu yeyote. Apolonia aliutazama, akaenda kutafuta ufagio. Hakurudi Lamadi.

Kwandu hakutoka bure. Tangu mchana ule sauti yake ilikatika, ikabaki ya kukwaruza, kama ya mtu aliyekwisha kuita siku mbili mfululizo. Mashangazi wa Masunga walisema ndivyo inavyokuwa kwa mkwe anayetaja jina. Yeye hakubisha.

Maisha yakaendelea, na si kwa wema mtupu. Wanunuzi waliokuja wakigombana, mwaka mwingine hawakuja kabisa. Dawa ya wadudu ikawa adimu, mbegu ikaja iliyochanganyika, na pamba ikakaa ndani ya nyumba mpaka watoto wa Dastan wakailalia kama godoro. Kwandu alipunguza pamba, akarudisha mtama, akapanda mpunga kidogo kwenye kona ya mbuga inayotuamisha maji. Habari za ardhi ile zilikuwa zimeenea, na hofu ilipokwisha watu wakaanza kurudi. Wa kwanza alikuwa Shija na mkewe Milembe, pamoja na mbuzi wao. Kwandu aliwaonyesha mto, mahali pa kuchimba mchanga maji yakapatikana karibu.

Walipokuwa wakichimba, Milembe alitazama huku na huku: vilima, mbuga, na anga kubwa lisilo na moshi wa jirani.

"Mama Dastan," alisema, "mliwezaje kukaa hapa miaka yote hii peke yenu?"

Kwandu alikuwa amepiga magoti shimoni, anatoa mchanga kwa kata. Aliinua uso, akafikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hakuwahi kuliwazia.

"Peke yetu?" alisema kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Lini?"

Kisha maji yakaanza kujitokeza chini, ya kahawia kwanza, na akaomba apewe ndoo.